Aliyeumia ni mnunuzi wa boksi moja: kununua risasi Texas baada ya Walmart kuacha za bastola

Kama unanunua risasi kwa sanduku zima la 1,000, kujitoa kwa Walmart, ile minyororo ya maduka makubwa ya Marekani, kwenye soko la risasi za bastola mwaka 2019 hakukugusi. Unaagiza mtandaoni, zinakufika mlangoni, na ukigawa bei kwa idadi unakuta umelipa senti chache kwa kila moja kuliko anayenunua dukani. Mimi si mnunuzi wa namna hiyo. Ni mlinzi wa yadi ya mitambo ya mafuta magharibi mwa Texas, kazini nabeba bastola ya 9mm, na risasi za mazoezi nanunua kwa pesa yangu, boksi moja au mawili mshahara ukitoka. Naandika tathmini hii kwa sababu wahamiaji wenzetu wengi huku wanaingia kazi ya ulinzi wa silaha, na kila anayeanza ananiuliza lilelile: risasi unanunua wapi siku hizi?

Kabla ya duka lolote, jambo moja la sheria, maana linaweza kukufunga jela au kukurudisha nyumbani. Hapa Texas huhitaji kibali cha jimbo ili kununua risasi, na sheria ya shirikisho haimlazimishi muuzaji kuchunguza rekodi zako kama anavyofanya kwa bunduki. Watu husikia hivyo wakadhani yeyote anaruhusiwa. Hapana. Mwenye green card anaruhusiwa. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala hata risasi moja, isipokuwa awe ndani ya zile nafasi chache zilizoachwa na sheria, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na hati haruhusiwi kabisa. Aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mwenza wake haruhusiwi pia, hata kama kosa lilihesabiwa dogo. Muuzaji wa kaunta hatakuuliza haya. Atatazama umri tu: miaka 21 kwa risasi za bastola, 18 kwa za bunduki ndefu. Mengine yote ni juu yako, na mahakamani kusema hukuulizwa hakutakusaidia.

Sasa tuje kwa Walmart. Katika mji mdogo ninaoishi, mwendo wa saa nzima kutoka Abilene, duka kubwa ni hilo moja. Risasi zilikuwa nyuma, karibu na nyuzi za kuvulia samaki, ndani ya kabati la kioo lenye kufuli. Mfanyakazi mwenye funguo alifungua, akatazama kitambulisho, ukalipa palepale. Bei ilikuwa imebandikwa kwenye rafu, na ilikuwa hiyohiyo kwa mwenye ranchi aliyeshuka kwenye gari jipya na kwa mimi niliyekuwa bado na sare ya kazi. Boksi lililojulikana na kila mtu lilikuwa lile jeupe la Winchester lenye risasi 100 za 9mm. Ubora wake ulikuwa wa kawaida, za kutobolea karatasi, lakini zilitosha kumfanya mtu wa kipato changu aende kulenga shabaha mara kwa mara bila kupunguza chakula cha watoto.

Nikilitazama upya, pale ndipo ilipokuwa thamani ya duka lile. Lilimpa mnunuzi wa boksi moja bei iliyokaribia ya mnunuzi wa sanduku. Kampuni inayonunua kwa malori inaweza kufanya hivyo, na duka la mtu mmoja mwenye rafu tatu haliwezi hata akitaka.

Tarehe 3 Agosti 2019, mtu mmoja aliendesha gari zaidi ya saa kumi kutoka kitongoji cha Dallas hadi El Paso, akaingia kwenye Walmart iliyokuwa imejaa familia zinazonunua vifaa vya shule, akaua watu. Waliokufa walifika 23, wa mwisho akifariki hospitalini miezi kadhaa baadaye. Aliwalenga Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kwa sababu ya asili yao. Siku chache kabla yake, wafanyakazi wawili wa Walmart ya Southaven, Mississippi, walikuwa wamepigwa risasi na kufa kazini. Na mwezi huohuo wa Agosti haujaisha, mtu mwingine akaua watu barabarani Midland na Odessa, barabara ambazo magari ya kampuni yetu hupita.

Mwezi mmoja kamili baada ya El Paso, tarehe 3 Septemba, mkuu wa Walmart wa wakati huo, Doug McMillon, aliwaandikia wafanyakazi wake. Kampuni ingemaliza akiba iliyokuwepo kisha iache kabisa risasi za bastola, na pamoja nazo risasi za bunduki kama .223 na 5.56, zile zinazoingia kwenye silaha za mtindo wa kijeshi. Bastola zenyewe ilikuwa imeacha kuuza miaka ya 1990 kila mahali isipokuwa Alaska, na sasa hata Alaska ikaacha. Bunduki za AR, hizo za mtindo wa kijeshi, ilikuwa imeziondoa 2015, na 2018 ikapandisha umri wa kununua silaha na risasi hadi miaka 21. Vilivyobaki ni vya mwindaji: bunduki ndefu za kulungu, za marisau, na risasi zake. Kwa makadirio ya kampuni yenyewe, sehemu yake ya soko la risasi nchini ingeshuka kutoka asilimia 20 hivi hadi kati ya 6 na 9.

Nilikasirishwa? Hapana. Nilifikiria wale wafanyakazi wa El Paso, watu wanaolipwa kwa saa kama mimi, waliotoka mbio wakiwavuta wateja kwenye mlango wa nyuma. Mwajiri aliyezika watu wake ana haki ya kuamua hauzi nini. Wateja wengine kwenye uwanja wa shabaha walinuna, wakasema wanaadhibiwa kwa kosa la mwendawazimu, na waliapa hawatanunua tena hata mkate pale. Mimi mkate naendelea kununua. Ila hasara ya mteja ipo, na iliwaangukia watu tofauti kwa uzito tofauti, jambo ambalo siwasikii wakilisema wanaoshangilia wala wanaolaani.

Jirani yangu aliyetoka Goma, anayewinda kulungu kila Novemba, hakuona tofauti yoyote. Risasi zake za .270 ziko palepale kwenye kabati. Mfugaji aliyekuwa akinunua .223 kwa ajili ya koyote, mbwa mwitu wadogo wa huku, na nguruwe mwitu wanaoharibu mashamba alilazimika kwenda mji mwingine, ingawa naye ni mwindaji kama huyo jirani. Mwanachama wa klabu ya shabaha anayefyatua mamia kwa wiki alikuwa tayari ananunua mtandaoni. Aliyebaki njiani ni yule wa boksi moja: mlinzi, mjane anayeishi peke yake mbali na kituo cha polisi, kijana aliyenunua bastola yake ya kwanza akahitaji risasi 50 za kujifunzia.

Bei haikupanda mara moja. Vuli ile ya 2019 nilizunguka nikilinganisha, na 9mm ya mazoezi ilikuwa bado chini ya senti 20 kwa risasi ukitafuta vizuri. Wauzaji wengine walipokea wateja, soko likaendelea. Anayekuambia Walmart ndiyo iliyopandisha bei hana ushahidi. Maumivu yalikuja 2020: janga, vurugu za mitaani, uchaguzi, na watu wasiowahi kushika silaha wakajipanga kununua. FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho, ilifanya uchunguzi wa rekodi unaohusu silaha karibu mara milioni 40 mwaka huo, idadi ambayo haijawahi kufikiwa kabla yake. Remington, mtengenezaji wa bunduki na risasi, ikafilisika Julai katikati ya uhitaji huo, na kiwanda chake cha risasi kule Lonoke, Arkansas, kikanunuliwa na Vista Outdoor, kampuni iliyokuwa tayari inamiliki chapa za risasi za Federal na CCI. Praima, kile kidonge cha nyuma ya ganda kinachowasha baruti, zikaadimika, na bila praima hakuna risasi hata ukiwa na maganda ya kujaza ghala.

Hapo ndipo nilipoona kilichokosekana. Wazee wa uwanjani husimulia uhaba wa 2013, ambapo Walmart iliweka kikomo cha boksi 3 kwa mteja kwa siku. Waliamka mapema, wakapanga foleni, wakapata walichopata kwa bei iliyobandikwa. Mwaka 2020 hapakuwa na foleni hiyo kwa mtu wa 9mm. Mwanzoni mwa 2021 nililipa dola 40 kwa boksi la risasi 50 kwenye duka moja la silaha la karibu nasi, senti 80 kila moja. Nilihitaji kuonesha shabaha kazini, sikuwa na njia nyingine.

Duka hilo nalitathmini bila jina, kwa kuwa mwenyewe ni mtu wa mji wetu na mji ni mdogo. Anaijua kazi yake. Ukimpelekea bastola inayokwama atakuambia tatizo kabla hujamaliza kueleza, na hakudai pesa kwa ushauri. Lakini bei hazikuandikwa popote. Ulisimama mbele yake ukauliza, naye akakutazama kwanza.

"Unataka za nini?"

"Za mazoezi, bwana. 9mm za kawaida."

"Ngapi?"

"Boksi moja."

Akataja bei. Mteja aliyekuwa nyuma yangu, ambaye yeye na mwenye duka waliitana kwa jina la kwanza, akatajiwa bei nyingine kwa boksi lilelile. Mara nyingine risasi zilikuwepo ila ni kwa aliyenunua bastola siku hiyo. Naelewa kwa nini: alikuwa na maboksi machache na wateja wake wa miaka mingi. Hata hivyo mgeni mwenye lafudhi, anayenunua kidogo, anatoka mle na hisia kwamba ameomba fadhila. Kwa ufundi nampa nyota tano kamili. Kwa uuzaji wa risasi nampa mbili.

Uwanja wa shabaha wa ndani nilioenda baadaye una sumaku kaunta. Wanagusisha ncha ya risasi zako, ikinasa wanazirudisha, kwa sababu zina chuma ndani ya koti la shaba na huharibu ukuta wa nyuma unaokamata risasi, tena hutoa cheche. Hilo ni jambo la usalama na nawaunga mkono. Mnunuzi asiyejua hununua zile za bei chini zenye maganda ya chuma, akafika akakataliwa. Nyingi za hizo zilitoka Urusi, na tangu Septemba 2021 Marekani imezuia vibali vipya vya kuziingiza, kwa hiyo hata kimbilio hilo la mtu wa kipato cha chini limepungua. Ukikodi bastola yao, ni lazima utumie risasi walizokuuzia wao, na bei yao ni ya juu. Kodi mara moja kujua bastola ipi inakukaa mkononi, basi.

Mtandaoni ndiko wengi wanakoelekezwa, na kwa kweli huduma ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Wauzaji wakubwa huonesha bei ya risasi moja moja, huonesha kama mzigo upo ghalani, na ipo mitandao inayokukusanyia bei za maduka mengi kwenye ukurasa mmoja. Sheria ya shirikisho ya 1986 ndiyo iliyorahisisha biashara hii ya risasi kutumwa moja kwa moja kwa mnunuzi. Posta ya serikali haipokei risasi, hivyo zinaletwa na kampuni binafsi za vifurushi, na wakati mwingine mtu mzima lazima atie sahihi. Kama unafanya zamu ya usiku kama mimi, panga vizuri siku ya kupokea.

Tatizo ni uzito. Risasi 1,000 za 9mm ni kilo 12 hivi, na nauli yake ukiigawa kwa elfu haionekani. Agiza maboksi mawili, nauli inaweza kukaribia bei ya boksi la tatu. Yaani mfumo mzima umejengwa kwa ajili ya aliye na dola mia kadhaa za kutoa kwa mkupuo. Tumejaribu kuagiza pamoja walinzi watatu wa zamu yetu, tukagawana sanduku, na hesabu ilitukalia vizuri. Fanyeni hivyo na watu mnaowafahamu kwa hakika kwamba wanaruhusiwa kisheria, maana kumpa risasi mtu unayejua amekatazwa ni kosa lako pia.

Kama uko nje ya Texas, usidhani njia hii iko wazi. California tangu Julai 2019 inataka uchunguzi wa mnunuzi na makabidhiano ana kwa ana kwa muuzaji mwenye leseni. New York ilianza uchunguzi wake wa risasi Septemba 2023. Illinois inataka kadi yake ya mmiliki wa silaha. Ndugu aliyeko huko asome sheria za jimbo lake kabla ya kubonyeza popote.

Ninakonunua mara nyingi sasa ni Academy, ile minyororo ya maduka ya michezo yenye makao yake Katy, hukuhuku Texas. Ni safari, na mafuta ya gari ni sehemu ya bei, ndiyo maana naifunga pamoja na shughuli nyingine za Abilene. Lakini bei imebandikwa, boksi moja linauzwa kama boksi moja, na muuzaji hakuulizi unazitaka za nini. Kijana wa kaunta aliwahi kuniokoa pesa kwa kuniambia boksi nililoshika lina risasi za kujilindia, zenye tundu kichwani, ambazo ni ghali na hazihitajiki kwa kutoboa karatasi. Hizo weka kwenye bastola ya kazini, jaribu chache kuhakikisha zinapita bila kukwama, na mazoezi yafanye kwa zile zilizovikwa shaba. Nyota nne. Ya tano ninaizuia kwa sababu ya umbali tu, na wale wanaoishi Abilene wanaweza kuirudisha.

Kuna pia mashine. Kampuni ya American Rounds imeweka mashine za kuuza risasi ndani ya maduka ya vyakula huko Alabama, Oklahoma na hapa Texas. Inasoma kitambulisho chako, inalinganisha na uso wako, ndipo inatoa boksi. Wengi waliposikia walishtuka, lakini ukifikiri, inakagua umri kwa ukali kuliko kaunta nyingi nilizosimama. Nilipoitazama nilijiuliza swali moja: kama ndani ya duka la vyakula la mji mdogo bado kuna mnunuzi wa kutosha kulipia mashine ya namna hiyo, basi yule mteja aliyeachwa 2019 hakuwa wa kufikirika. Sijanunua humo, kwa hiyo siipi nyota.

Na maonesho ya silaha. Huko utakuta mifuko ya plastiki ya risasi zilizojazwa upya nyumbani, bei ya kuvutia, hazina boksi wala jina la mtengenezaji. Nawaomba msiziguse. Mwenzangu wa zamu alifyatua moja kati ya hizo ikatoa mlio mdogo, risasi ikabaki ndani ya mtutu kwa sababu baruti ilikuwa pungufu. Mwalimu wa uwanja alipiga kelele ya kumzuia asivute tena. Angevuta, mtutu ungeweza kupasuka usoni pake. Watengenezaji wengi wa bastola wanaandika wazi kwamba udhamini wao hauhusu risasi za kujazwa upya. Dola kumi ulizookoa hazilipi jicho.

Wanaonijua wananiuliza kama nataka Walmart irudi. Sitaki kuwaamulia watu waliofiwa. Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho, na kinawezekana. Waajiri wanaowapa walinzi silaha wanunue sanduku kwa bei ya jumla na wawauzie wafanyakazi wao risasi za mazoezi kwa bei hiyohiyo; kampuni yangu bado haijafanya hivyo, na nimeiomba kwa maandishi. Maduka madogo yabandike bei. Viwanja vya shabaha viwe na bei ya boksi moja kwa anayekuja kujifunza, kwa kuwa mlinzi anayefyatua mara mbili kwa mwaka ni hatari kwa jamaa wanaomtegemea awalinde, na anafyatua mara mbili kwa sababu boksi limekuwa ghali na liko mbali.

Ukianza kazi hii mwezi huu, nunua maboksi mawili ya 9mm za 115 grain (kipimo cha uzito wa ile ncha inayoruka) zenye maganda ya shaba, chapa inayojulikana, duka lenye bei ukutani. Zigawe kwa siku mbili za uwanjani badala ya moja. Lipa kwa kadi na uhifadhi risiti, kwani baadhi ya waajiri hukubali kurudisha gharama ukiwaonesha. Na kama unaishi mji wenye watoto wa jirani wanaoingia na kutoka kwako, kisanduku cha kufuli kinunue kwanza, kabla ya boksi la pili.